Joto linanifukuza kitandani, mume wangu ananishuku

BARUA

Asalaam aleikum mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 48, mkazi wa Tanga mjini, pande za Ngamiani. Nina mume na watoto wanne. Watatu wanajitegemea, wa mwisho yuko kidato cha tatu. Riziki yangu ni vitumbua na mikate ya kumimina. Alfajiri jiko la mkaa limeshakolea, na jioni nakaanga tena kidogo kwa watu wanaorudi makazini. Kazi hii imesomesha wanangu, kwa hiyo siisemi vibaya.

Tangu mwaka jana mwili wangu umenigeuka. Nimekaa tu, sifanyi lolote, ghafla joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni. Uso unawaka, moyo unadunda, jasho linanichuruzika mgongoni mpaka dera linanigandia. Dakika chache tu limekwisha, na hapo naanza kuhisi baridi, natafuta khanga ya kujifunika. Mchana navumilia. Usiku ndiyo balaa. Naamka shuka limelowa. Nafungua dirisha, mume wangu analifunga kwa sababu ya mbu. Nawasha feni, anasema inamtia mafua. Mwisho nikawa nachukua mkeka naenda kulala sebuleni, chini kwenye saruji. Huko ndiko napata usingizi.

Mwanzoni nilidhani ni malaria, maana ni joto, jasho na baridi. Nimenunua dawa mseto dukani zaidi ya mara moja bila kupima, na nilipokuja kupima nikaambiwa sina malaria. Jirani yangu akasema ni jini, akanishauri nijifukize. Nikajifunika blanketi juu ya sufuria la mafusho, nikatoka humo nusura nizimie. Rafiki yangu mwingine akasema ni mambo ya umri, damu ikitaka kukatika ndivyo inavyokuwa. Akanipa vidonge vya uzazi wa mpango vya binti yake, eti vitarudisha homoni. Bado sijavimeza. Ni kweli siku zangu zimevurugika, na sasa ni mwezi wa tano sijaziona. Halafu kwenye zahanati walinipima presha wakakuta 150 kwa 95, wakaniambia nirudi. Sijarudi.

Sasa shida yenyewe. Mume wangu ni fundi baiskeli, ana miaka 57, mtu mpole. Hajanigombeza, ila amebadilika. Juzi kaniuliza, "Mke wangu, nimekukosea nini?" Nikamwambia ni joto tu. Hakuamini, kwa sababu joto la Tanga analiona na yeye, na halali sebuleni. Na kuna jingine naona haya kuliandika: siku hizi hata tukiwa pamoja chumbani naumia, kwa hiyo nakwepa.

Siwezi kumwambia kuwa nakoma hedhi. Kwetu mwanamke akisema amekoma ni kama ametangaza uzee. Ndugu zake wameshaanza maneno ya "muongezee mwenzio nyumbani", na kaka yake alioa mke wa pili wakati mkewe alipofika umri huu huu wangu.

Dada yangu yuko Lushoto. Ananiambia, "Uza vyombo vyako uje huku kwenye baridi, joto litakwisha lenyewe, tutauza mboga." Nashawishika. Lakini nikienda nimempa mume wangu sababu. Nikibaki, jiko linanimaliza. Nikisema naogopa, nikinyamaza nashukiwa. Nifanye nini?

Mama Vitumbua, Tanga


JIBU

Waaleikum salaam dada yangu,

Pole kwa usiku mwingi wa kukatika usingizi. Mtu aliyekosa usingizi kila jambo humwelemea mara mbili, na wewe alfajiri unatakiwa uwe mbele ya makaa. Kwa nilivyokuelewa, mwili unakupandisha joto bila taarifa, kazi inakuweka kwenye moto, na yote hayo umeamua kuyabeba peke yako kwa sababu unaamini ukiyataja kwa jina lake utaletewa mke mwenza. Niruhusu nianze na mwili. Naona humo mna mambo uliyoyachukua kuwa ya hakika ambayo bado hayajawa ya hakika.

Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki karibu na nyuzi joto 37 kwa ndani, ukishuka kidogo alfajiri na kupanda kidogo jioni. Msimamizi wake ni sehemu ndogo ya ubongo, upande wa chini ndani, iitwayo haipothalamasi, inayopata habari kutoka kwenye neva za ngozi na kutoka kwenye damu inayopita hapo. Damu ikizidi joto, haipothalamasi hutoa amri mbili. Moja, mishipa midogo ya ngozi ipanuke ili damu ya moto ije juu ipoe. Mtu aliyetulia mahali pasipo joto, ngozi yake hupitiwa na kama robo lita ya damu kwa dakika, na kwenye joto kali inaweza kufika lita sita na zaidi. Uso wako unawaka na moyo unadunda kwa sababu hiyo. Amri ya pili ni jasho. Ila jasho kutoka tu hakupozi. Kinachopoza ni jasho kukauka juu ya ngozi. Lita moja ikikauka yote huondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Mtungi wako wa maji ndivyo unavyofanya kazi: maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka nje, yaliyobaki ndani yanapoa. Na siku hewa ya pwani ikijaa unyevu, mtungi unalowa nje lakini maji hayapoi vizuri. Jasho linalodondoka sakafuni limekupotezea maji, halijakupoza.

Kati ya kiwango cha joto kinachoamsha jasho na kile kinachoamsha kutetemeka kuna nafasi ndogo ambamo mwili hutulia, hautoi jasho wala hautetemeki. Kwa mwanamke asiye na hali kama yako, nafasi hiyo ni kama sehemu nne za kumi za nyuzi joto moja. Homoni ya estrojeni husaidia kuilinda. Mayai yanapoelekea kwisha, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni hupanda na kushuka ovyo kisha hupungua, na seli za haipothalamasi zilizokuwa zikitulizwa nayo huchangamka kupita kiasi. Ile nafasi hubana, kwa wengine hubaki karibu na sifuri. Hapo ongezeko dogo la joto ambalo zamani usingelihisi, kama vile kikombe cha chai, ghadhabu, mvuke wa sufuria au godoro lililoshika joto, linatosha kuamsha mishipa na jasho kwa pamoja. Mwili unatoa joto ambalo haukuhitaji kulitoa, ndani kunapoa kupita kiasi, ndipo unapotafuta khanga. Mara nyingi ni dakika moja hadi tano, kama ulivyoeleza.

Kwa hiyo uliposema mwili umekugeuka, mimi ningeliweka hivi: mwili wako haujashindwa kujipoza, unajipoza mapema mno. Hilo linabadilisha mengi katika unachoweza kufanya, maana huhitaji kupigana na joto lote la Tanga. Unahitaji kupunguza yale maongezeko madogo yanayouamsha.

Lakini tusikimbilie kusema ni kukoma hedhi na basi. Kukoma huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, na wewe una mitano. Katika kipindi hiki yai bado linaweza kutoka, kwa hiyo kitu cha kwanza na cha bei nafuu ni kipimo cha mimba cha mkojo. Usicheke. Wanawake wa umri wako wamewahi kwenda kliniki kwa ajili ya "uzee" wakarudi na kadi ya wajawazito. Kama hamtaki mtoto mwingine, kwa aliye chini ya miaka 50 kinga huendelea miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, na kwa aliyevuka 50, mwaka mmoja.

Kisha nunua kipimajoto cha kidijitali. Kausha kwapa vizuri kwanza kwa sababu jasho hushusha namba, weka ncha katikati ya kwapa, bana mkono mpaka kilie. Pima joto linapokushika, pima tena nusu saa baadaye, andika kwenye daftari pamoja na saa na ulichokuwa ukifanya au ulichokula. Wimbi la aina hii halifiki homa. Ukikuta 37.5 au zaidi na ikabaki hapo, hiyo ni homa, nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo. Tazama pia mpangilio wake. Malaria mara nyingi huanza na baridi na kutetemeka, halafu homa, halafu jasho, na huchukua saa nyingi. Kwako baridi inakuja mwishoni. Dawa mseto ni nzuri sana kwa mwenye malaria, lakini ukiimeza bila kupima hujui umetibu nini, na chanzo chenyewe kinaendelea.

Yapo magonjwa mengine yanayojificha nyuma ya jasho la usiku, na mhudumu anapaswa kukuuliza juu yake. Kifua kikuu huja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kupungua uzito na homa za jioni. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hukupa joto la kutwa nzima, mikono kutetemeka, na kukonda ilhali unakula vizuri. Katika barua yako sioni dalili hizo, ila mimi nimesoma karatasi tu, mwili wako sijaupima.

Kuhusu mafusho, sikukatazi dua wala kisomo, hivyo havigombani na kipimajoto. Lakini chini ya blanketi hewa inajaa mvuke, jasho haliwezi kukauka, na mvuke wenyewe ukigusa ngozi unakuongezea joto. Mishipa ya ngozi inapanuka yote, damu inayofika kichwani inapungua, ndiyo maana nusura uzimie. Kwa hali yako ningeomba uyaache kabisa.

Na vile vidonge vya binti wa rafiki yako, nashukuru hukuvimeza. Vingi ni vya homoni mbili, estrojeni na mwenzake wa jamii ya projesteroni, kwa kipimo cha kuzuia mimba. Mwenye presha kuanzia 140 kwa 90 kwa kawaida hashauriwi kuvitumia, na kuanzia 160 kwa 100 haruhusiwi, kwa sababu ya hatari ya kiharusi na moyo. Wewe ulikuwa 150 kwa 95. Pengine siku hiyo ulitembea juani au ulikuwa na hofu, hatujui, kwa sababu kipimo kimoja hakitoi jibu. Rudi upimwe tena siku nyingine. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, mkono umewekwa usawa wa moyo, usiwe umetoka kunywa kahawa. Katika yote uliyoyaandika, hili la presha ndilo ningependa lisisubiri.

Homoni za kutibu hali hii zipo na zinafanya kazi vizuri kuliko kitu kingine chochote. Ni tofauti na vile vidonge kwa kipimo na kwa kusudi. Aliye na kizazi hupewa estrojeni pamoja na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha utando wa ndani ya kizazi na inaweza kuleta saratani. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa au kiharusi, au anayetokwa damu isiyojulikana sababu, kwa kawaida hapewi. Presha nayo inatakiwa ishushwe kwanza. Zipo pia dawa zisizo za homoni, kama baadhi ya dawa za sonona kwa kipimo kidogo, na ipo iitwayo fezolinetant, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, inayotuliza zile seli za haipothalamasi moja kwa moja. Kwako ipi inafaa, au kama unahitaji yoyote, ni mazungumzo yako na daktari. Wapo wanawake wengi wanaopita bila dawa. Nisikufiche, safari yenyewe si ya mwezi mmoja. Kwa wastani mawimbi haya hufika miaka saba, yakipungua makali taratibu.

Sasa jiko. Unajua kazi yako kuliko mimi, basi nichambue upande wa joto tu. Mkaa unakuchoma kwa njia mbili. Hewa ya moto inapanda juu, na mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga, unakuja moja kwa moja kifuani na usoni hata kama upepo unavuma. Upepo hauzuii mnururisho, kinachouzuia ni kitu kigumu katikati. Kipande cha bati kilichosimamishwa kati yako na jiko, hatua kidogo kutoka kwenye moto ili chenyewe kisichemke, kitakupunguzia sana. Mkate wa kumimina ndio wenye hatari zaidi kwa uso, kwa sababu makaa yako juu ya kifuniko na wewe unainama kuuchungulia. Lakini ule hauhitaji kusimamiwa. Ukishauweka, ondoka hapo, rudi kwa saa. Vitumbua ndivyo vinavyokufunga mahali pamoja, mimina, geuza, epua, basi kikaango chake ndicho kipewe nafasi karibu na mlango, nawe usimame upande upepo unakotokea. Usifunge mlango hata kama mkaa unapeperuka. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na kichwa kuuma na kizunguzungu vinavyotokana nayo utavihesabu kuwa ni joto.

Kabla hujawasha, na tena katikati ya kazi, weka beseni la maji pembeni, uzamishe mikono mpaka viwikoni kwa dakika 10 hadi 15. Viganja, nyayo na uso vina mishipa ya njia ya mkato inayotoa joto upesi, na wazima moto hutumia mbinu hiyo hiyo kushusha joto la mwili wakati wa mapumziko. Maji ya mtungini yanatosha. Si lazima yawe ya barafu. Wimbi likikujia, usijikaushe jasho kwa haraka. Simama penye upepo uliache lifanye kazi yake, au jipepee na khanga iliyolowa shingoni. Kunywa bilauri moja kila nusu saa unapokuwa motoni. Mkojo ukiwa wa manjano iliyopauka unatosha, ukiwa kama chai ya rangi umechelewa. Chumvi usiongeze, kwa presha yako. Na hilo dera, kama ni la kitambaa cha kuteleza kinachogandia mwilini, badilisha la pamba kwa saa za kazi.

Usiku una mambo mawili. La kwanza umelitatua nusu mwenyewe bila kujua. Saruji inanyonya joto lako, wakati godoro la sponji linalishika na kukurudishia. Lakini hukusema kama huko sebuleni unalala kwenye chandarua. Kama hulali, tutakuwa tumekimbia malaria ya kudhania tukaifuata ya kweli. Jaribu kuleta sakafu kitandani. Tandika mkeka juu ya godoro upande wako, shuka jepesi la pamba juu yake, kila mmoja na shuka lake la kujifunika. Oga maji ya kawaida kabla ya kulala, nyayo ziache nje ya shuka.

La pili ni dirisha na feni, na hapa ugomvi wenu una dawa ya fundi. Wavu wa waya dirishani unamwondolea mume wako hoja ya mbu, na mwenye kuunga baiskeli hashindwi kuugongomea. Feni ndogo iwekwe juu ya kigoda miguuni upande wako, karibu kabisa na chandarua, kwa sababu chandarua hula upepo mwingi, ielekezwe kwenye miguu na kiwiliwili chako, isimfikie yeye usoni. Kama nyumba ni ya bati bila dari, bati hupitisha joto la jua ndani mchana na kuta hulishika mpaka usiku, basi fungua madirisha yote jua likitua.

Lushoto sitaipuuza. Mji uko juu kiasi cha mita 1,400, na kwa kila mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo utaona tofauti kubwa na Tanga. Hewa baridi inaweza kupunguza idadi ya mawimbi na ukali wake. Dada yako amekosea pale tu aliposema yatakwisha. Chanzo kiko kichwani, na wanawake wa nchi za theluji hupata hali hiyo hiyo katikati ya majira ya baridi. Huko utalowa jasho kisha ubaki na shuka bichi kwenye usiku wa baridi kali, hasa Juni na Julai. Ungeuza vyombo na wateja wa miaka mingi kwa nafuu ambayo hujaipima. Ukitamani, unaweza kwenda kumtembelea kwa siku chache ukiwa na daftari lako, ulinganishe kurasa. Kwenda na kurudi ni jambo moja, kuhama ni jingine, na ndugu wa mume watayasoma tofauti.

Nimebakisha la mume kwa sababu ndilo zito. Umeandika kama mtu aliyekwisha kusikia jibu lake, lakini katika barua yako yote maneno ya kuongeza mke yametoka kwa ndugu zake. Yeye mwenyewe nimemsikia mara moja tu, akiuliza amekukosea nini. Huyo hajafikia kutafuta mwingine, bado anatafuta kosa lake. Naweza kuwa nimemsoma vibaya, wewe ndiye unayemjua. Jiulize tu: unachokiogopa umekiona kwake, au umekiona kwa kaka yake?

Ukimya nao ni njia, na wengine wameupitia. Hatari yake ni kwamba mkeka wa sebuleni unasema kila usiku, na wewe hupo kuufasiri. Kumwambia kila kitu kwa mara moja kunakuondolea mzigo, ila hakuna anayeweza kukuahidi atalipokeaje, na kwa mwanamume aliyezoea kusikia kukoma kukifananishwa na uzee, neno hilo linaweza kumpita kabla hajaelewa. Kuna njia ya katikati: umweleze mwili kabla ya jina. Wimbi likikushika mkiwa wawili, chukua mkono wake uuweke mgongoni mwako, aone shuka, aone kipimajoto kinasema hakuna homa. Unaweza kumwambia, "Sikukimbii wewe, nakimbia hili." Jina la hali hiyo anaweza kulisikia baadaye, kutoka kwako au kwa mhudumu. Chagua mchana, tumbo likiwa limeshiba na mtoto hayupo. Usiwe usiku ule ule uliomkwepa, itaonekana ni udhuru. Kama ulimi ni mzito, pana somo wako, au wifi mmoja mwenye kifua cha kuhifadhi siri. Faida yake ni busara ya mtu mzima, hatari yake ni kwamba jambo la watu wawili limekuwa la watu watatu, na familia yenye maneno haihitaji mengi.

Yale maumivu usiyaonee haya. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiweka sehemu hizo zenye unyevu na unene wake, ikipungua hukauka na kuwa nyembamba. Si dalili kwamba humpendi, wala si dalili kwamba mambo ya chumbani yamefika mwisho. Kuna vilainishi vya maji duka la dawa, na daktari anaweza kukuandikia krimu ya estrojeni ya kupaka huko huko, ambayo kipimo chake ni kidogo sana. Kuvumilia ukiwa umeuma meno kunaufundisha mwili kukaza, na ukikaza unaumia zaidi. Mume anayeona unajikaza anahesabu kuwa hutaki. Pengine hilo, kuliko joto, ndilo lililomfanya akuulize swali lake.

Ukienda kituo cha afya, au ukielekezwa Hospitali ya Mkoa ya Bombo, beba daftari, tarehe ya hedhi ya mwisho, na vile vidonge vya binti wavione. Kama mtaenda wote wawili, mwombe mhudumu ampime presha na yeye. Kwa miaka 57 anastahili kupimwa, na itakuwa rahisi kwake kukaa kwenye chumba kile akiwa na shida yake mwenyewe ya kuulizia.